Wanaokula Tulichobakiza

Nyumba moja ya Ngamiani, Tanga, ilikuwa na vyombo viwili vya makombo, na kuvichanganya ilikuwa kutafuta ugomvi. Sinia la bati lililobonyea lilikuwa la kuku: machicha ya nazi, pumba, maganda ya papai, ukoko wa wali uliolala. Kifuu kilichokaa chini ya meza kilikuwa cha paka: vichwa vya dagaa, ngozi ya samaki, ugali uliolowekwa mchuzi. Mwenye nyumba alikuwa mwalimu wa Sayansi Kimu, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu tu. Alivikagua vyombo vyote viwili kabla havijatoka jikoni. Kilichokuwemo alikiandika katika kaunta buku lenye jalada gumu, ukurasa wa kulia. Ukurasa wa kushoto aliuacha wazi kwa siku chache, kisha akaujaza: nani alikula, nani alisusa, nani alitaga, nani aliharisha.

Madaftari hayo sasa yako kwa mjukuu wake, kurasa nyingine zimegandana kwa mafuta. Mapishi yaliyomo ni machache kuliko mtu angetarajia. Maswali ndiyo mengi. Mwalimu aliamini kwamba habari ya chakula haiishi sahani zinapoondolewa mkekani. Yupo mwingine anayekula kilichobaki, na mwili wake una hesabu tofauti na wako. Ukiijua hesabu hiyo, utakielewa zaidi hata chakula chako mwenyewe. Usipoijua, utamuua paka kwa huruma.

Daftari la kwanza lilianza katika miaka ya shida. Aliyeishi Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980 hahitaji kusimuliwa. Vita ya Kagera ilikuwa imekwisha mwaka 1979 na kuacha hazina tupu, bei ya mafuta ilikuwa imepanda duniani kote, na sukari, sabuni na unga wa ngano vilikuwa vitu vya foleni. Majaribio ya jikoni wakati huo hayakuwa mchezo wa mtu mwenye nafasi. Chai ilinywewa kwa sukari guru ilipopatikana. Isipopatikana, kwa tende, au kavu. Maandazi yalikandwa kwa ndizi mbivu iliyopondwa ili kuokoa sukari. Chapati zilijaribiwa kwa unga wa muhogo, zikameguka mkononi kabla ya kufika kwenye chuma.

Kumeguka huko Mwalimu alikujua sababu yake. Ngano ina protini ambazo zikikandwa na maji huungana na kuvutika, kitu kiitwacho gluteni, na muhogo hauna. Dawa aliyoipata ni kuchukua sehemu ya unga, kuimwagia maji yanayotokota, kuukoroga mpaka uvute kama uji mzito, kisha kukandia humo unga uliobaki. Wanga uliopikwa nusu hushika badala ya gluteni. Chapati zilitoka nzito na za rangi ya vumbi, lakini zilikunjika. Mama yake mzazi, aliyekuwa akiishi nao, alizila bila kusema neno, na kwa bibi yule hiyo ilikuwa sifa.

Kitu kimoja ambacho bibi hakukubali kukila hata kwa njaa kilikuwa ugali wa yanga.

Yanga yalikuwa mahindi ya njano yaliyoletwa kutoka ng'ambo, mengi yakiwa ya msaada, na watu waliyapa jina la timu ya mpira kwa rangi ya jezi yake. Yalidharauliwa sana. Yalikuwa na harufu ya ghala, ugali wake uliwaka njano sinia zima, na kila mtu alikuwa na jamaa aliyemwambia kuwa huko yanakotoka wanakula ng'ombe. Basi nyumba ya Mwalimu ilifanya kama nyumba nyingine: unga mweupe ukipatikana wanakula watu, ya njano wanapewa kuku, yakiwa mazima au yamepasuliwa kwenye kinu.

Baada ya wiki chache mayai yalibadilika. Viini vilivyokuwa vimepauka kama siagi ya zamani vikawa vya rangi ya machungwa. Ukurasa wa kushoto umeandikwa kwa herufi kubwa, na chini yake kuna mstari mrefu wa hesabu ya ni kuku yupi aliyekula nini. Waliofungiwa bandani na kupewa mahindi meupe peke yake walitaga viini hafifu. Waliopewa yanga, au waliozurura na kudonoa majani, walitaga viini vikali. Mama wa nyumba ya pili alianza kuja kununua, akisema mayai ya Mwalimu ni ya kienyeji hasa, yana nguvu. Mama huyohuyo alikuwa ameapa kwamba yanga haitaingia mdomoni mwake.

Rangi ya njano ya mahindi inatokana na karotenoidi. Baadhi yake, kama beta-karotini na beta-kriptozanthini, mwili wa binadamu huzigeuza kuwa vitamini A. Mahindi meupe karibu hayana. Kwa maneno mengine, katika miaka ambayo nyama, siagi na mafuta vilikuwa adimu, kile ambacho watu walikitupia kuku kilikuwa na kitu ambacho watoto wao walikihitaji. Hata hivyo Mwalimu hakuishia hapo. Alipokuja kupata kitabu kizuri cha lishe, alirudi kwenye ukurasa ule akaongeza kwa kalamu ya rangi nyingine kwamba rangi ya kiini haitoshi kuwa ushahidi. Kinachokoleza kiini zaidi ni luteini na zeazanthini, na hizo mbili hazigeuki kuwa vitamini A. Yai linaweza kuwa jekundu vizuri na lisiwe na cha ziada katika vitamini hiyo. Kuku alikuwa amemwambia kweli kwamba mahindi haya si sawa na yale. Hakumwambia tofauti hiyo ina faida gani. Hilo alilazimika kulisoma mwenyewe.

Watu wengi wanaofuga na kupika husahau sehemu hii ya pili. Mnyama hutoa jibu, lakini mara nyingi ni jibu la swali jingine.

Mfano mkubwa kuliko yote wa jibu la namna hii ulitokea Batavia, mji unaoitwa Jakarta siku hizi, na Mwalimu aliupenda kuliko kisa chochote katika vitabu vyake. Mwishoni mwa miaka ya 1880 daktari Mholanzi, Christiaan Eijkman, alikuwa akitafuta kijidudu cha beriberi, ugonjwa uliolegeza miguu ya askari na wafungwa na kuwaua kwa moyo. Maabara yake ilikuwa ndani ya hospitali ya jeshi, na wanyama wake wa majaribio walikuwa kuku. Mwaka 1889 kuku hao walianza kuyumba na kuanguka, wote, waliochomwa sindano na wasiochomwa. Baada ya miezi kadhaa wakapona wenyewe, na hakuna aliyejua sababu.

Jibu lilikuwa jikoni. Mtumishi wa maabara, ili kubana matumizi, alikuwa akiwalisha kuku makombo ya wali mweupe kutoka jiko la hospitali. Kisha akaja mpishi mpya aliyeona si halali mchele wa jeshi kuliwa na kuku wa kiraia, akakataa kutoa. Kuku wakarudishiwa mchele wao wa bei rahisi, usiokobolewa sana, wakasimama. Eijkman alifuata nyayo hizo mpaka kwenye ganda jembamba linaloondolewa mchele unapong'arishwa. Mwenzake Adolphe Vorderman akakagua magereza ya Java na kukuta beriberi imezidi pale wafungwa walipolishwa mchele mweupe.

Lakini Eijkman naye alilisoma jibu vibaya. Alidhani wanga wa mchele una sumu na pumba ina dawa yake. Aliyelinyoosha ni Gerrit Grijns, mwaka 1901: hapakuwa na sumu, palikuwa na upungufu, kuna kitu katika pumba ambacho mwili hauwezi kukaa bila hicho. Mwaka 1926, palepale Batavia, kitu hicho kilitolewa kwenye pumba za mchele kikiwa safi. Leo kinaitwa thiamini, au vitamini B1. Eijkman alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1929. Mpishi aliyebana wali wa jeshi jina lake halikuwekwa popote, na Mwalimu alipomsimulia mjukuu wake kisa hiki alimpa mpishi huyo sehemu ndefu kuliko ya daktari.

Kisa kilimgusa kwa sababu ya sinia lake la bati. Pwani ni ya watu wa wali. Mchele hupendwa mweupe, ung'ae, upepetwe mpaka usibakie doa. Na sembe vilevile, mahindi yakobolewe mashineni mpaka pumba zitoke zote ndipo unga usagwe. Pumba hizo hufungwa kwenye viroba na kurudi nyumbani kwa ajili ya kuku na ng'ombe. Kwa miaka mingi jogoo wa nyumba ile alipata vitamini B na kiini cha mbegu, na watoto wakapata wanga. Mwalimu alijaribu kuleta dona mezani. Mama yake alikula siku ya kwanza, akauliza kama wamefungwa.

Si kila jaribio lilikuwa la lishe. Mengine yalikuwa ya ladha, na humo ndimo paka alimochukua nafasi kubwa. Paka wa nyumba ile wakati mjukuu anakua alikuwa wa rangi ya mchanga, jike, mwenye mazoea ya kulala kwenye ungo. Mjukuu, akiwa bado shule ya msingi, alijifunza kupika kaimati katika Ramadhani, akazichovya shira nzito yenye iliki, akampa paka moja. Paka aliinusa, akaondoka.

"Bibi, kaimati zangu hata paka hazitaki."

"Paka hajui tamu ni nini. Usimuulize mambo asiyoyajua."

Mwaka 2005 wanasayansi wa Monell Chemical Senses Center, kituo cha utafiti wa ladha na harufu huko Philadelphia, walionyesha kwamba moja ya jeni mbili zinazojenga kipokezi cha utamu katika ulimi imeharibika kwa paka, ikakoma kufanya kazi. Chui-milia na duma nao ni hivyo hivyo. Mwalimu alisoma habari hiyo akafurahi, kwa sababu daftari lilikuwa na jaribio lake mwenyewe la zamani: visosi viwili vya tui zito, kimoja kimetiwa sukari, kingine hakina. Paka alivilamba vyote, na hakuonyesha kuchagua. Alichokuwa akikifuata ni mafuta. Mbwa wa jirani, aliyeruka ukuta siku hiyo ya kaimati, alimaliza zilizobaki pamoja na shira; mbwa utamu anaujua vizuri.

Kuku naye, kama ndege wengine wengi, hana jeni ya kipokezi hicho. Wala hawashwi na pilipili. Nyumba ilikuwa ikitengeneza achari ya pilipili ya kuuza, na mbegu zilizomwagika uani zilidonolewa moja baada ya nyingine na kuku wasiopepesa jicho, huku mjukuu akisubiri waanze kulia. Hawakulia. Kiini cha ukali wa pilipili, kapsaisini, kwa mnyama anayenyonyesha hushika kipokezi cha joto kwenye neva, na ubongo huambiwa kuna moto. Kipokezi hicho kiligunduliwa na maabara ya David Julius, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, na maabara hiyohiyo ilionyesha kwamba cha kuku hakijali kapsaisini. Mpilipili unanufaika: panya akila mbegu huzisaga kwa meno, ndege huzimeza na kuzipanda mbali. Ndiyo sababu uani kwa Mwalimu mipilipili iliota mahali ambapo hakuna mtu aliyeipanda, pamoja na ndani ya bomba la maji ya mvua.

Tofauti za ulimi zinachekesha. Tofauti za ini na za damu hazichekeshi.

Baada ya Idi moja paka alilishwa pilau kwa siku kadhaa mfululizo, kwa sababu pilau ilikuwa nyingi na wageni walikuwa na huruma. Akazubaa. Alilala mchana na usiku, hakupanda tena kwenye ungo, na ufizi wake ukapauka. Daktari wa mifugo aliyeitwa alimfunua mdomo, akaangalia ufizi, na swali lake la kwanza lilikuwa kama chakula kilikuwa na kitunguu. Kilikuwa nacho, tena kilichokaangwa mpaka kikawa cheusi, na thomu ya kutosha. Vitunguu vyote viwili vina michanganyiko ya salfa inayoharibu chembe nyekundu za damu, na za paka huharibika kirahisi kuliko za wanyama wengi wa nyumbani. Kuvipika hakuondoi madhara. Paka yule alipona baada ya kurudishiwa samaki wake. Katika daftari, kwenye jalada la ndani ambako wengine huandika namba za simu, Mwalimu alianza orodha ya vitu vilivyopigwa marufuku kwenye makombo: kitunguu cha aina yoyote, chokoleti, ambayo teobromini yake huweza kumuua mbwa, parachichi na majani yake kwa ndege, na, kwa wino mwekundu, parasetamoli, kwa sababu ini la paka halina njia ya kutosha ya kuiondoa na kidonge kimoja cha mtu mzima kinaweza kummaliza. Hiyo ya mwisho iliingia baada ya jirani kumponya paka wake homa.

Upungufu nao uliandikwa. Mwaka 1975 watafiti wa Marekani walieleza jinsi paka waliopewa chakula ambacho protini yake ilikuwa kasini ya maziwa peke yake walivyoharibika macho hadi kupofuka. Walikosa taurini, kitu ambacho mwili wa binadamu unajitengenezea na wa paka unatengeneza kidogo mno. Taurini imo katika samaki na nyama, na huyeyuka katika maji. Kwa hiyo mtu anayechemsha dagaa, akamwaga maji, akamchanganyia paka mabaki na ugali, amemwaga sehemu ya kile paka alichokihitaji. Amri ya nyumba ikawa kwamba supu ya vichwa vya samaki imwagiwe juu ya ugali wa paka, yote, ikiwa haijatiwa kitunguu. Mtu mzima aliyetaka supu alitakiwa aitengeneze mbele ya paka na atoe hesabu.

Kisha kuna jambo la mahindi yaliyovunda. Hapa Mwalimu hakuwa na mzaha.

Kila nyumba inayofuga huujua msemo huu hata kama haijausema kwa sauti: yakiharibika, wapewe kuku. Gunia limelowa chini, unga umenuka, karanga zimeota ukungu wa kijani. Hakuna anayetaka kuvitupa, na kuku hakatai. Jirani mmoja aliwapa vifaranga vya bata pumba zilizokaa kwenye kona yenye unyevu. Walikufa kwa mfuatano, wakubwa wakabaki. Hakuna aliyepima, na jirani alisema ni kideri. Lakini kideri ni ugonjwa wa kuku hasa, na bata huuhimili. Vifaranga vya bata ni miongoni mwa viumbe wanaoathirika haraka kabisa na sumukuvu. Wanasayansi waliwahi kuvitumia kuipima sumu hiyo kabla ya kuwa na mitambo mizuri.

Dunia yenyewe iliijua sumukuvu kupitia ndege wa kufugwa. Mwaka 1960 batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa ugonjwa usio na jina, na uchunguzi ukaishia kwenye mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili. Ndani yake mlikuwa na sumu ya kuvu aitwaye Aspergillus flavus, na sumu ikaitwa aflatoksini. Kuvu huyo anapenda joto na unyevu, yaani anapenda kwetu. Mwaka 2004 mahindi ya namna hiyo yaliwafanya watu 317 waugue mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, na 125 kati yao wakafa. Mwaka 2016 mkasa kama huo ulifika Dodoma na Manyara, na watu 20 wakapoteza maisha. Kupika hakuiondoi sumu hiyo. Ng'ombe akila, sehemu yake hutokea kwenye maziwa.

Kilichomsumbua Mwalimu zaidi ni kwamba sumukuvu hukaa kwa wingi sehemu za nje za punje, na kukoboa hupunguza kiasi kinachobaki kwenye sembe. Kwa hiyo kiroba kilekile cha pumba ambacho kwa miaka yote alikihesabu kuwa ndicho chenye vitamini, kikitoka kwenye mahindi mabaya, ndicho chenye sumu zaidi. Alilikubali hilo kwa shida. Ukurasa wake umefutwafutwa sana.

Watu waliomtembelea walikuwa wakifikia uamuzi wa haraka kutoka kwenye visa hivi: basi chakula usichokiamini mpe paka kwanza. Desturi hiyo ipo katika visiwa vingi vya bahari za joto, kwa samaki wanaoshukiwa, na hata maabara zimewahi kupima sumu ya samaki kwa paka. Mwalimu aliikataa, na si kwa huruma peke yake. Paka anakula kidogo, anatapika haraka, na baadhi ya sumu zinachukua saa nyingi kujionyesha. Septemba 1774 kapteni James Cook, akiwa New Caledonia, alionja pamoja na wenzake wawili ini na mayai ya samaki wa jamii ya bunju. Usiku viungo vyao vilikufa ganzi. Nguruwe wa melini aliyekula matumbo ya samaki huyo alikutwa amekufa asubuhi. Nguruwe alitoa jibu sahihi, ila alilitoa wakati swali limeshamezwa.

Na wakati mwingine jibu hutolewa mapema, wazi, na hakuna anayetaka kulisikia. Katika mji wa uvuvi wa Minamata, Japani, mwanzoni mwa miaka ya 1950, paka waliokula makombo ya samaki walianza kutetemeka, kuzunguka, na kujitupa baharini. Watu waliuita ugonjwa wa paka wanaocheza. Tarehe 1 Mei 1956 hospitali ya kiwanda cha kemikali cha pale iliripoti rasmi ugonjwa kama huo kwa watoto. Mwaka 1959 mkuu wa hospitali hiyo, Hosokawa Hajime, alimlisha paka chakula kilichochanganywa na maji machafu ya kiwanda, na paka huyo, aliyeandikwa namba 400, akapata ugonjwa uleule. Kiwanda kilificha matokeo. Serikali ilikuja kukiri chanzo mwaka 1968, na chanzo kilikuwa zebaki iliyogeuka kuwa methili-zebaki ikatoka na maji machafu hadi kwa samaki, kutoka kwa samaki hadi kwa paka na watu. Meza ilikuwa moja. Paka walitangulia kwa sababu ni wadogo na hawali kingine.

Mjukuu sasa ana nyumba yake na jiko la gesi. Amerithi udadisi pamoja na madaftari, ingawa anaandika kwenye simu. Aliponunua kikaangio kisichoshika, Mwalimu alimuuliza vikasuku vyake viwili vinakaa wapi. Vilikuwa jikoni. Utando wa kikaangio cha namna hiyo ukiachwa motoni mtupu mpaka upitilize joto hutoa moshi usioonekana ambao huua ndege wa kizimbani kwa muda mfupi, kwa sababu mapafu ya ndege hupitisha hewa nyingi mno kwa ukubwa wake. Vizimba vikahamia barazani jioni hiyohiyo. Kikaangio kilibaki, kwa masharti.

Ubishi wao wa sasa ni wa machicha. Mjukuu anayakausha juani, anayasaga, na kuyachanganya na ngano kutengeneza biskuti. Nyuzinyuzi zake ni nyingi, na mafuta kiasi hubaki hata tui likikamuliwa mara ya tatu. Biskuti ni nzuri na watu wananunua. Kuku wa Mwalimu, waliokuwa wakipelekewa machicha hayo kila wiki, wamepunguziwa. Pumba nazo zimepungua, maana nyumba zote mbili sasa zinakula dona kwa hiari. Viini vya mayai vimeanza kupauka, na Mwalimu amepanda mchicha na matembele nyuma ya banda, akimtumia mjukuu bili ya maji.

Kuhusu dona lenyewe hawajakubaliana. Mjukuu hununua la pakiti, lenye picha ya shamba. Mwalimu hamuamini mtu ambaye hajaona mahindi yake yakianikwa. Hununua mahindi mazima kwa mwanamke wa Handeni anayemfahamu, huyamwaga kwenye ungo, na kuyachagua kwa mkono punje baada ya punje kabla hayajaenda mashine. Yenye doa, yaliyopasuka na yenye vumbi la kijani huwekwa kando. Mjukuu alipouliza kama hayo ya kando awapelekee kuku, aliambiwa achukue jembe akayafukie.

"Yote, Bibi?"

"Yote. Na unawe mikono kabla hujashika kifuu cha paka."